Rangi Juu ya Alama ya Maji

Maji yakishatoka ndani ya nyumba huacha saini. Ni mstari wa kahawia ukutani, ulionyooka kuliko mstari wowote ambao fundi amewahi kuupiga, na sababu ni rahisi: maji hayahitaji pimamaji. Juu ya mstari, ukuta ni ule ule wa jana. Chini yake plasta imevimba, rangi imefanya malengelenge, na ukingoja wiki mbili tatu utaona chumvi nyeupe ikichomoza kama unga uliomwagika. Mtu akiingia humo hahitaji kuambiwa chochote. Ukuta umeshasema: maji yalifika hapa.

Halafu anakuja mtu na ndoo ya rangi.

Swali ninalotaka tulikalie leo ni la huyo mtu wa rangi, pamoja na aliyemtuma. Ukishaosha, ukishakausha, ukishapaka, na ule mstari ukapotea kabisa, je, una deni la kumwambia anayekuja baada yako kwamba ulikuwepo? Ama kunyamaza ni haki yako, maana hakuna aliyekuuliza?

Linaonekana swali dogo. Hapa Eldoret si dogo.

Sisi si watu wa Budalang'i wala wa Tana. Tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa nje akisikia kuna mafuriko huku hucheka: maji yatasimama wapi huko juu? Yanasimama, bana. Uasin Gishu ni uwanda, na mvua yetu haina haraka ya kuondoka. Huanza Machi au Aprili na mara nyingi hutufikisha Agosti. Jina lenyewe la mji hutajwa kuwa limetoka kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto huo ni Sosiani, na bado unapita mjini, hata kama tumeuzoea kiasi cha kuuona tu tukiwa tumekwama kwenye foleni darajani. Nairobi nayo ni jina la Kimaasai, la maji baridi. Ina maana waliotutangulia walibandika tangazo mapema, kwenye jina lenyewe, na sisi tukalisoma kama anwani tu.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Jiji, pamoja na mambo mengine mazuri, ni ardhi ghali. Na ardhi ikiwa ghali watu hujenga kwenda juu na pia kwenda chini. Ndiyo maana siku hizi kuna vyumba vingi vya chini ya ardhi, vile ambavyo kila mtu mjini anaviita besimenti. Kimoja ni maegesho, kingine ni stoo ya mali, kingine kimegawanywa kwa mbao na vioo kikawa vibanda ishirini vya simu, viatu na kinyozi. Kodi yake ni nafuu kuliko ya juu, kwa hivyo anayekichukua mara nyingi ni kijana anayeanza biashara. Yaani wewe, ama mtu unayemjua.

Tuseme mvua kubwa ya usiku mmoja imejaza chumba kama hicho. Kabla hatujafika kwenye maadili, tuone kazi yenyewe ya kukirudisha, maana maadili yanajificha ndani ya kazi.

Kwanza unazima umeme kwenye mita kabla hujatia mguu majini. Halafu unapiga hesabu. Chumba cha mita 10 kwa 20, chenye maji ya kimo cha mita moja, kina mita za ujazo 200. Hizo ni lita 200,000, tani 200. Lori la kunyonya la lita 10,000 litakwenda na kurudi mara 20. Na huwezi kuyatoa kwa pupa. Udongo wa nje nao umeshiba maji na unausukuma ukuta. Maji ya ndani ndiyo yaliyokuwa yakiusukuma kutoka upande wa pili. Ukiyatoa yote ghafla, ukuta unaweza kuinama au kupasuka. Ushauri wa kawaida ni kutoa kama theluthi kwa siku, huku ukiangalia kama kimo kinarudi.

Kisha unatoa matope, kwa koleo na karai. Kadibodi, magodoro na mbao laini zilizolowa zinakwenda nje, maana kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Unaosha, unapiga dawa, unafungua kila kinachofunguka ili upepo upite. Plasta iliyokufa unaibandua. Na ikiwa unaishi kwenye nyumba ya zamani ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, kuna ile nafasi ya chini ya sakafu ambayo hupita paka tu. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna anayetambaa kuingia kuangalia. Nguzo zinaoza gizani huku sakafu juu inang'aa kwa nta.

Baada ya hayo yote inabaki hatua moja, nayo ni kungoja. Ukuta wa mawe au matofali hufyonza maji na kuyapandisha kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Kuukausha si kazi ya siku tatu. Ni wiki, mara nyingi miezi, hasa huku kwetu ambako jua la asubuhi hufuatwa na mvua ya alasiri. Ukiupaka rangi ya plastiki kabla haujakauka, unayafungia maji ndani, na yatatafuta njia ya kutokea.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Pampu inalipwa mara moja. Fundi analipwa mara moja. Lakini kila mwezi wa kungoja ni mwezi bila kodi. Mazungumzo yanayofuata hayahitaji kubuniwa sana. Yanafanana na mengi ambayo umewahi kuyasikia ukipita karibu na mjengo.

"Mzee, huu ukuta bado unakunywa."

"Wewe paka tu, fundi. Kuna mtu anaingia tarehe moja."

"Itabambuka, mzee."

"Ikibambuka atakuwa ameshalipa dipoziti."

Hakuna aliyedanganya katika mazungumzo hayo. Fundi amesema kweli. Mzee naye amesema kweli. Tarehe moja mpangaji atakuja, atanusa rangi mpya, atapenda weupe, atalipa. Hatauliza kama maji yaliwahi kuingia, na hakuna atakayemwambia. Neno la uongo halikutamkwa hata moja. Na bado kila mmoja wetu anahisi kwamba kuna mtu ameibiwa.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko unavyofikiri. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma aitwaye Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaweka mfano ambao ungeweza kutokea Kapsoya wiki iliyopita. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu: inaleta magonjwa ilhali watu wanadhani ni salama, nyoka huonekana vyumbani, mbao zake hazifai. Je, amwambie mnunuzi? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha: muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na mnunuzi ana macho yake. Antipater wa Tarso anasema la, kumwacha mtu akimbilie hasara unayoiona ni kama kukataa kumwonyesha njia aliyepotea, tena ni vibaya zaidi. Cicero mwenyewe anamuunga mkono Antipater. Kwake, kuficha si kunyamaza tu. Ni kunyamaza kwa faida yako juu ya jambo ambalo mwenzako angefaidika kulijua.

Upande wetu huu wa dunia kuna kisa kinachogusa maji moja kwa moja. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Muslim imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipita penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kuna nini. Yule akajibu kwamba ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisha akamkana yeyote anayeghushi. Kinachonivutia humo ni kwamba mvua haikuwa kosa la yule mfanyabiashara. Hakuna aliyemlaumu kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa mpangilio: nafaka kavu juu, iliyolowa chini. Alichokifanya kwa nafaka, sisi tunakifanya kwa rangi.

Na watu wa Uasin Gishu hawawezi kujifanya hawaelewi, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi. Kila mkulima anayepeleka magunia kwenye bohari la Bodi ya Nafaka na Mazao anajua nambari 13.5. Unyevu wa mahindi ukizidi asilimia hiyo, unarudishwa ukaanike. Hakuna anayeona hilo ni uonevu. Tunajua mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu hiyo ina sumu iitwayo aflatoksini, na kuna mtu mbali na shamba letu, ambaye hatutamwona, atakula ugali wake. Kwa hivyo tumekubali kwamba gunia la mahindi lipimwe unyevu kabla halijabadilisha mikono. Chumba ambamo mtoto atalala hakipimwi na mtu. Mahindi yana haki ambayo mpangaji hana.

Lakini tusiende haraka. Anayenyamaza ana hoja zake, na si zote ni za kijinga.

Hoja ya kwanza ni hii: nikisema mimi peke yangu, nitafilisika peke yangu. Jirani yangu amepaka, amenyamaza, amejaza vyumba. Mimi nikibandika ukweli mlangoni, wateja watahamia kwake, kwenye ukuta uliolowa kama wangu. Ukweli utakuwa umeniadhibu mimi na kumtuza yeye. Hoja hii ina uzito, na ninaikubali nusu. Ni kweli kwamba wema wa mtu mmoja hautengenezi soko. Lakini angalia anachodai kuwa atakipoteza. Ni kodi ya chumba kikavu, kwa chumba ambacho si kikavu. Kitu hicho hakikuwa chake tangu mwanzo. Akisema ukweli na kodi ikashuka, hajaibiwa. Amepata bei halali ya alichonacho.

Utaniambia huyo mwenye nyumba pia ni mhanga. Mtaro uliofurika si wake. Ana mkopo wa benki. Bima hana, ama anayo na haijamlipa. Sawa. Hasara yake ni ya kweli na anastahili kusaidiwa, na anayo haki ya kuwapigia kelele waliopaswa kuuzibua mtaro. Ila hana haki ya kuichukua hasara hiyo na kuishusha kimya kimya mabegani mwa mtu aliye mdogo kuliko yeye. Pampu hufanya nini? Haiyamalizi maji, inayahamisha. Rangi nayo haimalizi hasara. Inaihamisha kutoka kwa aliyeiona hadi kwa ambaye hajaiona.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi: mimi nimekarabati kweli. Nimebandua plasta, nimengoja miezi, nimepiga dawa ya kuzuia maji, nimeweka pampu. Ugonjwa ukishapona, kuna haja ya kumtangaza mgonjwa? Hapa jibu linategemea umetengeneza nini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi tumejifunza kuupaka ufa na kuuacha. Kama umetengeneza ukuta lakini kilicholeta maji bado kipo pale pale, mtaro ule ule, mteremko ule ule, mto ule ule, basi hujatibu ugonjwa, umempa mgonjwa nguo safi. Maji hufuata mkondo, na mkondo haujui kwamba umepaka. Lazima useme. Na kama umeondoa chanzo chenyewe, basi kusema hakukugharimu kitu, kunakupamba: maji yaliingia mwaka fulani, yakafika hapa, nikafanya hivi na hivi, njoo uone pampu. Kizuri chajiuza.

Kwa hivyo kipimo changu ni rahisi, hata kama si kitamu. Jiulize: akijua, bado atatia sahihi kwa bei hii? Kama jibu ni ndiyo, kwa nini usimwambie? Kama jibu ni hapana, basi kimya chako ndicho kinachofanya mauzo. Na kimya kinachofanya kazi ya uongo hakina tofauti na uongo, hata kikiwa kimetulia namna gani.

Hoja ya tatu ndiyo hunisumbua zaidi, kwa sababu haitoki kwa mwenye nyumba, inatoka mtaani. Inasema: ukweli ni wa watu wenye chaguo. Dada anayetafuta chumba cha bei ya chini karibu na kazi yake, na mtoto mgongoni, atachukua kile kile hata ukimwambia. Nenda Langas, nenda Huruma, nenda Munyaka, uulize watu wangapi walichagua nyumba kwa kuangalia maji yanapita wapi. Walichagua kwa kuangalia mfuko. Sasa ukimwambia, umemsaidia nini zaidi ya kumnyima usingizi kila wingu likitanda?

Nadhani hapa ndipo tunapokosea kuhusu ukweli. Tunafikiri kazi yake ni moja tu, kumsaidia mtu akatae. Lakini ukweli una kazi kubwa zaidi kwa anayebaki. Mtu aliyeambiwa kwamba maji hufika magotini atapandisha kitanda kwenye matofali. Vyeti vya shule, kitambulisho na kadi ya kliniki ya mtoto atavifunga kwenye nailoni na kuvitundika juu. Friji hataiweka sakafuni. Soketi ya chini hataitumia. Mwenye kibanda cha besimenti atapanga mali kuanzia rafu ya pili, na usiku wa mvua kubwa hatazima simu. Atauliza ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa kwa nani. Ataomba kodi ipunguzwe, na hata akikataliwa atakuwa ameomba akijua anachoomba. Mtu huyo hajapata chaguo la kuondoka. Amepata chaguo kumi ndogo za kubaki salama, na aliyenyamaza amemnyang'anya zote kumi. Kusema kwamba maskini hahitaji kujua kwa sababu hana pa kwenda ni kumdhulumu mara mbili, na ya pili ni kwa jina la huruma.

Kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi pia. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inayataja mafuriko kwa jina. Katika mambo inayoyahesabu kuwa sehemu ya mkataba wa upangishaji, kuna hili: nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa yote au sehemu, kodi au sehemu yake inayolingana na uharibifu husimama hadi ifae tena. Mikataba mingine huandikwa kwa namna ya kulipunguza hilo, kwa hivyo soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Lakini hiyo ni sheria ya maji yanayoingia ukiwa ndani. Kuhusu maji yaliyoingia kabla yako, ulinzi wako mkubwa wa kila siku ni mdomo wa mtu aliyeyaona.

Na hao walioyaona ni wengi. Usidhani hii ni insha ya kumsema mwenye ploti peke yake. Fundi aliuona mstari. Mlinzi wa lango aliuona. Ndiye aliyechota maji usiku ule. Ajenti aliuona kwenye picha ambazo hakuziweka mtandaoni. Jirani wa mlango wa pili aliuona, na anakusalimia kila asubuhi. Kila mmoja anajiambia kwamba si kazi yake kusema, kuna mwenye nyumba. Mwenye nyumba anajiambia mpangaji ana macho. Kimya kinazunguka ploti nzima kama sahani ya sadaka ambayo kila mtu anaipitisha kwa mwenzake bila kutia kitu.

Halafu kuna sisi. Unajua hii: umechoka na keja iliyoingia maji, unataka kuhama, lakini dipoziti hairudi mpaka upate mtu wa kuchukua nafasi yako. Unapiga picha Januari, jua likiwaka, pazia limefunguliwa. Unaandika: nyumba safi, maji hayapotei. Hilo la maji kutopotea ni kweli kuliko mwenye kuliandika anavyotaka lieleweke. Kijana mwenzako anakuja kuangalia, anapenda, anauliza, "Kwani unahama kwa nini, boss?" Pale ndipo falsafa yote ya Cicero inapoingia kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu. Shilingi elfu kadhaa za dipoziti ziko upande mmoja, mtu usiyemjua yuko upande wa pili, na hakuna hata mmoja atakayejua ukijibu, "Nimepata kazi upande ule mwingine." Mwenye ploti wa mabilioni na mpangaji wa chumba kimoja wana jaribu lile lile. Tofauti ni tarakimu tu.

Tukitoka kwenye chumba na kuangalia nchi, tunaona tabia hiyo hiyo ikiwa imevaa suti. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya njia ya maji iliyozibwa na takataka chini ya tuta la reli, mpaka yakavunja. Maji yaliyozuiwa yasionekane hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yanangoja. Na mvua ikiisha, nchi hufanya kile afanyacho yule mzee: inafagia, inapaka, inahesabu hasara, na inaendelea kugawa viwanja.

Maji yetu wenyewe tunayoyapampu kutoka besimenti yanakwenda wapi? Yanaingia mtaroni, mtaro unaingia Sosiani, Sosiani inaungana na Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, na Nzoia inateremka mpaka Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Huko kingo za mto zimewahi kupasuka mara kadhaa, mwaka 2020 ikiwemo, na watu wakalala kambini. Sisemi ndoo yako imevunja kingo za Bunyala. Ninasema kwamba hakuna mahali paitwapo "nje". Ukimwaga nje, kuna mtu ambaye nje yako ni ndani kwake. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa hasara unayoificha.

Kuna watu duniani waliochagua kinyume. Passau, mji wa Ujerumani unaokutanisha mito mitatu, umeandika kwenye ukuta wa jumba lake la mji vimo vya mafuriko yake makubwa, mwaka baada ya mwaka. Cha 2013 kiko karibu na cha 1501. Watalii hupiga picha, lakini mwenye duka hapo jirani anasoma kama anavyosoma kalenda. Huko Aneyoshi, Japani, baada ya tsunami ya 1933 wanakijiji walisimamisha jiwe linalowaonya wajukuu wasijenge chini ya pale lilipo. Wajukuu walitii. Mwaka 2011 bahari iliporudi, ilikomea chini ya lile jiwe, na nyumba zilizokuwa juu zikabaki. Walioliandika hawakuwa wakilinda bei ya viwanja vyao. Walikuwa wanazungumza na watu ambao hawajazaliwa.

Sisi hatuna haja ya jiwe. Fundi akimaliza kazi, plasta ikiwa imekauka kweli na rangi imeshika, achukue msumari na apige alama ndogo nyuma ya mlango, pale ambapo maji yaliishia, kisha aandike tarehe. Alama ya urefu wa kidole inatosha. Haiharibu weupe wa chumba. Mpangaji akija, mwenye nyumba afungue mlango, amwonyeshe, amweleze kilichofanywa tangu siku ile, wapatane bei. Akihama, naye amwonyeshe anayefuata. Baada ya miaka ishirini mlango huo utakuwa na historia ya mtaa ambayo haimo kwenye ofisi yoyote.

Mtu atasema hiyo itawatisha wateja. Itawatisha wengine, kweli. Lakini mimi ningependelea kupanga kwa mzee mwenye mlango wenye alama tatu na tarehe tatu kuliko kwa mwenye ukuta mweupe usio na neno. Wa kwanza ameshaniambia atafanya nini maji yakija mara ya nne. Wa pili ameniambia tu kwamba ana rangi.